Ulimbwende katika uchoraji: si mapenzi wala urembo. Tujadili namna hisia zinavyoingia kwenye picha

#1 · Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome usiku akitulia.

Vijana wanaojifunza kuchora hapa Dar huniuliza sana maana ya ulimbwende, na kila mara nawajibu nusunusu kwa sababu neno lenyewe limekaa vibaya. Tuliosoma nadharia za fasihi kwa Kiswahili tuliambiwa kwamba ule mkondo wa sanaa ulioibuka Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 unaitwa ulimbwende. Mtu wa kawaida akisikia hivyo anamuwaza mlimbwende, binti aliyevishwa taji na mkanda kwenye mashindano ya urembo. Wengine wakasema basi tuuite uromantiki. Hapo ndipo tulipozidi kupotea, maana mtaani mambo ya kiromantiki ni mishumaa, maua mekundu na chakula cha jioni cha watu wawili. Mhadhiri aliyetufundisha sisi alilimaliza somo kwa dakika kumi: "sanaa ya mapenzi na kusifia maumbile." Tukaandika, tukafaulu mtihani. Nilitembea na maelezo hayo miaka sita.

Kilichonizindua ni picha moja tu. Inaitwa "Chelezo cha Méduse", ya Mfaransa Théodore Géricault, aliyeimaliza mwaka 1819 akiwa na miaka 27. Nilikuwa nimeiona kitabuni ikiwa ndogo kama kadi ya mchango wa harusi, nikaipita. Baadaye nikapata safari ya kikazi Paris, nikajipenyeza jumba la makumbusho la Louvre siku ya mwisho. Wakuu, ile picha ina kimo cha karibu mita 5 na upana wa mita 7 na ushee. Watu waliochorwa mbele ni wakubwa kuliko mimi. Chelezo chenyewe kimewekwa kwa namna ambayo pembe yake inakujia wewe unayetazama, kama vile ukinyoosha mguu utakikanyaga. Upande wa kushoto, chini, ameketi mzee mwenye maiti ya kijana mapajani. Amemshika kwa mkono mmoja asichukuliwe na maji. Nyuma yake wenzake wamepanda juu ya mapipa wanapunga vitambaa, wameona meli. Yeye hageuki. Meli ije isije, kwake ni mamoja.

Nilimtazama yule mzee mpaka mlinzi akaja kutuambia wanafunga.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Tarehe 2 Julai 1816 manowari ya Kifaransa Méduse, ikielekea Saint-Louis nchini Senegali na watu wapatao 400, ilipanda fungu la mchanga la Arguin karibu na pwani ya Mauritania. Nahodha wake, Chaumareys, alikuwa na zaidi ya miaka 20 bila kuongoza chombo. Alipewa cheo kwa sababu alikuwa mtu wa mfalme. Mashua hazikutosha. Wakubwa wakaingia mashuani, watu 147 wakapakiwa kwenye chelezo kilichofungwafungwa kwa milingoti na mbao, urefu kama mita 20 na upana mita 7. Makubaliano yalikuwa mashua zikivute hadi nchi kavu. Haukupita muda, kamba zikaachiwa.

Wakabaki na mfuko wa biskuti uliokwisha siku ileile, maji kidogo, na mapipa ya mvinyo. Usiku walipigana na kuuana. Njaa ikawafikisha pa kula maiti. Wenye nguvu wakawatupa baharini wagonjwa ili mvinyo utoshe. Siku ya 13 merikebu ndogo iitwayo Argus ikawakuta kwa bahati tu. Walikuwa hai watu 15.

Sasa shikeni hapa, maana ndipo hoja yangu ilipo. Géricault hakukaa chumbani akalia kisha akachora machozi yake. Aliwatafuta manusura wawili walioandika kisa hicho, Corréard na Savigny, akawahoji. Akamtafuta fundi seremala wa Méduse, naye akiwa miongoni mwa walionusurika, amtengenezee mfano mdogo wa chelezo. Akahamia kwenye chumba kikubwa karibu na hospitali ya Beaujon ili awachore wanaokata roho na maiti, akaazima hata viungo vilivyokatwa akaenda kukaa navyo kazini kwake ajue nyama iliyokufa inabadilika vipi rangi. Akanyoa kichwa ili asitamani kutoka. Miezi kama 8 hivi, ndani kwa ndani.

Ninavyouelewa ulimbwende ni hivyo: hisia haimwagwi kwenye picha, inajengwa. Mchoraji anafanya kazi ngumu, ya mikono na ya macho, mpaka uchungu wa mtu asiyemjua uwe mzito kifuani pa mtazamaji asiyejuana na yeyote kati yao.

Karibuni tujadili.

#2 · Mchangiaji kutoka Pemba

Ahsante bwana. Mie si mtu wa sanaa, mie mtu wa bahari, nimeanza kwenda na jahazi la baba nikiwa na miaka 11. Nimeitafuta hiyo picha kwenye simu baada ya kukusoma na kuna kitu nataka kukuuliza.

Tazama tanga lao. Limejaa upepo, na limefura kuelekea kushoto. Hiyo meli mnayosema wameiona iko kulia, mbali kabisa, kadoa tu. Yaani upepo unawapeleka kule wasikotaka. Wanapunga vitambaa na chombo kinarudi nyuma. Halafu kushoto huko kuna wimbi limesimama kama ukuta. Huyu mchoraji alikosea au alijua?

Na hili la kupanda fungu: maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa?

#3 · Mwanzisha uzi

Kaka, umenitoa jasho. Alijua. Hilo la tanga limekusudiwa kabisa. Miili yote inasukuma kwenda kulia na juu, kuanzia yule mzee chini mpaka mtu wa mwisho anayepunga. Upepo unasukuma kwenda kushoto. Mtazamaji asiyejua bahari hatalieleza, lakini mwili wake utahisi anavutwa pande mbili. Hapo ndipo hisia inapotoka. Ukitazama nyuso za watu pale utaona si nyingi zinazoonekana vizuri. Waliosimama karibu wote wametupa mgongo. Kilio kimewekwa migongoni, kwenye mikono, kwenye tanga.

Kuhusu fungu: walikwama maji yamejaa, tena ya bamvua. Wewe unajua maana yake kuliko mimi.

#4 · Mchangiaji kutoka Pemba

Basi imekwisha. Ukipanda fungu bamvua ndiyo juu kabisa, maji yatakayokuja kesho ni madogo kuliko ya leo. Hapo dawa ni kupunguza mzigo upesi, utupe kila kizito.

#5 · Mwanzisha uzi

Walikuwa na mizinga 14, kila mmoja tani 3. Nahodha alikataa isitupwe.

#6 · Mchangiaji, mwalimu wa fasihi, Kilifi

Hamjambo nyote. Nimefurahi kuona mjadala huu kwa Kiswahili. Mimi hufundisha ulimbwende kama itikio dhidi ya urasimi, ule mkondo wa awali ulioiga kanuni za Wagiriki na Warumi wa kale, na ninapofika kwenye mifano ya ushairi wanafunzi hunielewa. Kwenye picha nakwama. Urasimi nao ulikuwa na hisia! Zile picha za mchoraji Mfaransa Jacques-Louis David zina akina mama wanaolia, watu wanaokufa. Tofauti iko wapi hasa, mwenzangu? Na je, huoni kwamba Géricault naye amepanga miili yake kirasimi kabisa, ile piramidi, ile misuli kama ya sanamu za Kigiriki? Watu wenye njaa ya siku 13 hawawi na vifua vile.

#7 · Mwanzisha uzi

Mwalimu, swali lako la pili nimelikubali bila kubishana. Misuli ile haina njaa. Géricault alikaa Italia, akaziona kazi za Michelangelo, hakuweza kuzisahau. Wapo waliomlaumu kwa hilo, na mimi naona lawama ina haki yake, ila nadhani angechora mifupa mitupu tungegeuza uso. Aliwapa miili ambayo desturi ya wakati ule iliwatengea mashujaa, akawavisha mabaharia, maseremala na askari wa chini walioachwa wafe. Picha ya ukubwa ule ilikuwa ya wafalme, miungu na vita vilivyoshindwa kwa heshima. Hapa hakuna shujaa. Hakuna vita. Kuna uzembe wa serikali na watu waliokatiwa kamba. Walipoionyesha kwenye maonyesho makuu ya Paris mwaka 1819 waliipa jina la jumlajumla, "Tukio la kuzama kwa meli", na kila aliyepita alijua ni meli gani.

Sasa la kwanza. Chukua picha ya David ya mwaka 1784, wale ndugu watatu wa Roma wanaonyoosha mikono kula kiapo mbele ya baba yao. Wanawake wanalia, ndiyo, lakini wamewekwa pembeni, na kilio chao kipo ili wajibu wa wanaume uonekane mkubwa zaidi. Hisia imepewa kiti chake na kuambiwa isitoke hapo. Hata brashi hailalamiki: rangi imesuguliwa mpaka alama ya mkono imepotea. Mstari unatawala, kila mtu ana mpaka wake.

Kwa walimbwende mambo yakageuka. Hisia haikuwa tena pambo la fundisho, ikawa njia ya kujua. Yaani kuna ukweli ambao akili ikiutafuta peke yake haiufikii. Rangi ikapandishwa cheo, brashi ikaachwa ionekane. Eugène Delacroix, ambaye alikuwa kijana tu alipomkalia Géricault, yaani alipokaa mbele yake achorwe, awe mmoja wa wale waliolala kifudifudi kwenye chelezo, alikuja kuwa mkuu wa upande huo, na mchoraji mwenzake Ingres akashika upande wa mstari. Waliozozana kwa ajili yao walizozana miaka mingi.

Mshairi Baudelaire aliandika mwaka 1846 sentensi ambayo ningependa uwape wanafunzi wako: kwamba ulimbwende haumo katika mada iliyochaguliwa wala katika usahihi wa mambo, bali katika namna ya kuhisi. Ndiyo maana mtu anaweza kuchora mapenzi na asiwe mlimbwende, na mwingine akachora mchanga mtupu akawa mlimbwende kwelikweli. Huyo wa mchanga nitamleta baadaye, nampenda mno, sitaki kumpitisha haraka.

#8 · Mchangiaji

Mkuu, samahani nitakukata kidogo. Nimesoma kwa makini na sina nia ya kuharibu uzi. Lakini miaka hiyohiyo unayoitaja, 1800 na kitu, watu wetu walikuwa wanafungwa minyororo, pwani ya magharibi huko na pwani yetu hii. Hao wachoraji walikuwa wanatafuta hisia zao milimani na kwenye mawingu. Hiyo Méduse yenyewe ilikuwa inakwenda Senegali kufanya nini? Uchungu wa Mwafrika ulikuwa wapi kwenye hizo hisia? Naomba jibu la kweli.

#9 · Mwanzisha uzi

Swali ni halali na nitalijibu nikijua halina jibu la kufurahisha.

Méduse ilikuwa imembeba gavana mpya kwenda kuipokea tena Senegali kutoka kwa Waingereza. Wafaransa walikuwa wameahidi kuacha biashara ya watumwa, lakini magendo yaliendelea kutoka pwani ile, na Corréard, yule manusura, alikuwa mpinzani wa biashara hiyo. Géricault aliyasikia. Sasa rudi kwenye picha. Nani yuko juu kabisa kwenye ile ngazi ya miili? Nani ambaye wote wamembeba, ambaye matumaini ya chelezo kizima yako mkononi mwake? Ni mtu mweusi. Aliyemkalia ni Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti, aliyekuwa akifanya kazi ya kukalia wachoraji Paris. Miongoni mwa manusura wa kweli alikuwapo askari mweusi mmoja, Jean Charles. Mchoraji aliweka watu weusi watatu. Aliongeza kwa hiari yake, na huyo wa juu akamgeuza mgongo ili sisi tutazame anakotazama. Baadaye alianza michoro ya maandalizi ya picha kubwa kuhusu biashara ya watumwa. Hakuifikia. Alifariki Januari 1824, umri miaka 32.

Mwingine ni Mwingereza J. M. W. Turner, mtoto wa kinyozi wa Covent Garden. Mwaka 1840 alionyesha picha inayojulikana kama "Meli ya Watumwa". Wengi huihusisha na meli Zong ya mwaka 1781, ambapo Waafrika zaidi ya 130 walitupwa baharini wakiwa hai ili wenye meli wadai bima: aliyekufa kwa maradhi halipwi, "mzigo" uliotupwa kuokoa chombo unalipwa. Kwenye picha jua linazama katikati kama jeraha, bahari yote imekuwa nyekundu na dhahabu, meli iko nyuma inakimbia dhoruba. Inachukua muda kabla hujaona kilichoko mbele. Mguu. Mguu mmoja umechomoza majini, una pingu, na samaki wameuzunguka. Kisha mikono. Kisha minyororo.

Mimi ile picha inanitesa, na nadhani nateswa na kitu kilekile unachokiuliza. Ni nzuri mno. Mhakiki John Ruskin, ambaye baba yake alimnunulia picha hiyo kama zawadi ya mwaka mpya 1844, aliisifia mno bahari yake, na habari ya kwamba hiyo ni meli ya watumwa akaiweka kwenye tanbihi. Tanbihi! Baadaye alisema haivumiliki kuishi nayo, akaiuza, sasa iko Boston. Na Turner mwenyewe, mwaka 1805, aliwahi kutia pesa kwenye mradi wa shamba la mifugo Jamaica lililoendeshwa kwa kazi ya watumwa. Miaka 35 baadaye akachora mguu ule. Ukisema ni toba sitakupinga, ukisema toba haikutosha sitakupinga pia.

Kwa hiyo jibu langu: uchungu wa Mwafrika ulikuwapo kwenye hisia hizo mara chache, umechelewa, na mara nyingine umefunikwa na uzuri wa rangi. Lakini njia yenyewe, ile ya kumlazimisha mtazamaji abebe uchungu wa mtu ambaye sheria ilimwita mzigo, hiyo ilifunguliwa hapo, na sioni sababu ya kuwaachia Ulaya peke yao.

#10 · Mchangiaji kutoka Pemba

Nimeitazama hiyo ya Turner sasa hivi. Bwana, minyororo ya chuma haielei. Ingezama na mtu wake mara moja.

Lakini nitasema kitu. Mie nimewahi kumkosa mtu baharini. Usiku, tumeshavuka mkondo, mwenzetu akateleza shetri, huko nyuma ya chombo. Tuligeuza chombo, tukazunguka mpaka alfajiri. Mpaka leo nikipita pale naona mkono. Haupo, najua haupo. Kwa hiyo huyo mzee aliyechora minyororo inaelea simlaumu.

#11 · Mchangiaji #8 tena

Nimekuelewa mkuu. Na mzee wa Pemba, pole sana. Endeleeni, niko nanyi.

#12 · Mwanzisha uzi

Pole kaka yangu. Umelieleza jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu asubuhi. Wapo waliomcheka Turner kwa minyororo ileile. Waliona kosa la fizikia. Wewe umeona kumbukumbu.

Ngoja sasa nimlete yule wa mchanga.

Caspar David Friedrich alizaliwa 1774 Greifswald, mji wa pwani ya Baltiki. Mama alimfia mwaka 1781, akiwa bado mtoto mdogo. Alipokuwa na miaka 13 barafu ilivunjika, na mdogo wake Johann Christoffer akafa maji. Hili nimelitaja kwa sababu ni la kweli na ni zito, ila sitaki tuligeuze kuwa ufunguo wa kila picha yake. Watoto wengi walifiwa karne ile na hawakuchora kitu.

Picha ninayoitaka ni "Mtawa Kando ya Bahari", aliyoifanyia kazi kati ya 1808 na 1810. Iko Berlin. Si kubwa, upana wa sentimita 171 hivi. Na ndani yake hamna kitu. Chini kuna ukanda wa mchanga mweupe mweupe. Juu yake ukanda mwembamba wa bahari nyeusi. Sehemu yote iliyobaki, ambayo ni picha karibu nzima, ni anga: kijivu, buluu iliyochoka, weupe kidogo juu. Hakuna mti wa kukuonyesha pembeni ni wapi. Hakuna njia ya kukuingiza. Kwenye mchanga amesimama mtu mmoja aliyevaa joho, mdogo kama punje ya mchele kwenye sinia, ametupa mgongo. Basi.

Mwandishi Kleist aliitazama mwaka huohuo wa 1810 akasema kwamba kwa kuwa haina kitu mbele ila fremu, ukiitazama ni kama umekatwa kope za macho. Fikirieni. Huwezi kufumba.

Wataalamu walipoimulika picha hiyo kwa miale inayopenya rangi, walikuta kwamba mwanzoni Friedrich alikuwa amechora meli. Zilikuwapo baharini na milingoti yake. Akazifuta. Alikuwa na picha ambayo ingeeleweka na kila mtu, mtawa anatazama meli, akaiharibu makusudi mpaka ikabaki hii. Nikiulizwa hisia inaingiaje kwenye picha, mara nyingi jibu langu ni hizo meli. Hisia nyingine zinaingia kwa kutolewa kitu.

Friedrich ndiye aliyesema kwamba mchoraji asichore tu anachokiona mbele yake, achore pia anachokiona ndani yake. Na kama ndani haoni kitu, basi aache kuchora hata kile kilicho mbele. Nimeiandika ukutani ninapofanyia kazi.

#13 · Mchangiaji

Shikamooni. Mimi ndio naanza kuchora, natumia rangi ya mafuta, mwaka wa pili huu. Kila nikichora jambo linaloniumiza watu wananiambia "mbona mtu wako analia sana?" Naweka machozi, naweka mdomo wazi, nyuma naweka nyeusi. Haiwagusi. Nikichora simba wa kuuzia watalii ndio wanasifia. Nifanyeje ili hisia iingie kweli?

#14 · Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu. Wala usiwadharau hao simba, wanakununulia rangi.

Nitakupa mifano miwili, uamue mwenyewe.

Wa kwanza ni John Constable, Mwingereza. Mwaka 1821 alimwandikia rafiki yake kwamba kwake kuchora ni jina jingine la kuhisi. Ukisikia hivyo utadhani alikuwa mtu wa kububujikwa. Unajua miaka hiyohiyo alikuwa anafanya nini? Alikuwa anapanda kilima cha Hampstead na vipande vya karatasi na rangi, anachora mawingu. Mawingu tu. Nyuma ya vipande hivyo aliandika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, jana yake mvua ilinyesha au la. Alifanya hivyo mara nyingi mno. Alitaka siku atakapochora huzuni ya anga awe analijua anga lenyewe, si huzuni peke yake. Wewe mtu wako analia sana kwa sababu unaijua huzuni yako lakini hujamtazama mtu anayelia. Nenda msibani ukae na watu. Utaona wengi hawafungui mdomo. Mmoja anapanga vikombe. Mwingine anavuta uzi wa khanga yake, anavuta, anavuta. Chora ule uzi.

Wa pili ni Géricault tena, nisamehewe. Baada ya Chelezo alichora picha za wagonjwa wa akili, mfululizo unaohusishwa na tabibu kijana wa Paris aitwaye Georget. Zinasemekana zilikuwa 10, zinazojulikana kwa uhakika ni 5. Zama zile wagonjwa hao walichorwa wakirukaruka, wakitoa ulimi, ili watu wacheke au waogope. Géricault aliwakalisha kama alivyokalisha watu wa heshima: kifua na uso, nguo za kila siku, nyuma giza tulivu. Kuna mwanamke mzee aliyesemwa anaugua wivu, yuko Lyon. Kofia nyeupe imekaa upande, imechakaa. Kope za macho ni nyekundu kama za mtu asiyelala. Hakutazami wewe, anatazama kitu pembeni kidogo ya bega lako, na ukikaa naye utatamani kugeuka uone ni nini. Hapo hakuna chozi hata moja, mdomo umefungwa. Kuna mtu aliyemtazama mwenzake muda mrefu bila kumcheka.

Kwa hiyo jaribu kitu hiki wiki hii. Ile picha yako inayokuuma zaidi, ifute machozi. Funga mdomo wa huyo mtu. Ile nyeusi ya nyuma ikwangue. Halafu tazama kimebaki nini. Kama hakijabaki kitu, utakuwa umejua pa kuanzia, urudi ukamtazame mtu halisi. Ukimaliza tuwekee hapa tuone.

#15 · Mwalimu, Kilifi

Naomba niongeze moja kuhusu neno. Nimefikiria tangu asubuhi kama tuliache hili "ulimbwende". Naona tulibakize, kwa sababu vitabu vimeshaandikwa na mitihani inalitumia, lakini kuanzia muhula ujao nitaanza somo na yule mzee wa kushoto chini, kabla sijatamka neno lenyewe. Wakishamtazama ndipo nitawaambia linaitwaje.

#16 · Mwanzisha uzi

Mwalimu, hapo umenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Waachie dakika nyingi. Na wachapishie kwa ukubwa wowote utakaoweza, hata ukiunganisha karatasi nane ukutani.

Kuna walioniuliza kwa faragha kuhusu mchoraji Mhispania Goya na kuhusu ile picha ya Delacroix ya 1830 ya mwanamke mwenye bendera. Ya Delacroix naiheshimu ila hainifanyi kitu, naona kama inanipigia kelele. Goya ni habari nyingine kabisa. Mtu aliyepoteza kusikia kufikia 1793, kisha uzeeni, kati ya 1819 na 1823, akachora picha 14 kwenye kuta za nyumba yake mwenyewe, mle anamokula na kulala, bila mteja, bila kuziita jina lolote. Huyo anastahili uzi wake. Nitaufungua nikishajipanga.

#17 · Mchangiaji kutoka Pemba

Bwana, kabla hujafunga. Jana usiku nimemwonesha bi mkubwa hii picha ya mtawa, ya Friedrich. Mama yangu ana miaka 80 na kitu, hajui habari za picha. Alivaa miwani akaishika simu karibu na uso. Akakaa kimya. Kisha akaniuliza: "Anamngoja nani huyu?"

Nikamwambia hatujui mama, lakini wanasema mchoraji alichora meli hapo baharini, halafu akazifuta.

Akaitazama tena. Akasema: "Kazifuta yeye, au zimekwenda?"

Sikuwa na la kumjibu. Nimekuletea wewe.